Shajara ya mradi: kitunguu saumu, tangawizi na manjano kwenye chakula cha kuku wa nyama, Uyole, Mbeya

Nafuga kuku wa nyama Uyole tangu 2019, kundi la kuku 100 hadi 120 kwa awamu. Banda ni la tofali mpaka kiunoni, juu wavu na mapazia ya viroba, chini maranda. Chakula nachanganya mwenyewe: mahindi, mashudu ya soya na ya alizeti, dagaa, chokaa, unga wa mifupa, chumvi, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini), laisini na methionini (viini vya protini). Kwa bei za 2024 kilo moja ilinigharimu wastani wa shilingi 1,400.

Kwa miaka minne nilikuwa na tabia ambayo wafugaji wengi tunayo: kifaranga akishuka tu kwenye boksi anapewa antibiotiki ya oksitetrasaikilini kwenye maji, awe mgonjwa au mzima, na wiki ya tatu anarudiwa. Sweden walipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu 1986, na Umoja wa Ulaya wote ukafuata tarehe 1 Januari 2006. Sisi bado tunazimwaga kwenye ndoo kwa kijiko cha chai, na watoto wetu ndio wanaokula hao kuku. Nilitaka kuacha, na kila niliyemuuliza aliniambia nitumie viungo. Hapa naandika nilivyojaribu ili anayetaka kufuata asianzie nilikoanzia.

3 Februari 2024. Kundi la kwanza, vifaranga 100

Kifaranga shilingi 1,900, jumla 190,000. Nimeligawa banda vyumba viwili kwa mabanzi, kuku 50 kila upande. Chumba cha kushoto watakula viungo kuanzia siku ya nane, cha kulia watakula chakula kitupu. Chanjo ni ileile pande zote: mdondo siku ya 7, Gumboro siku ya 14, mdondo tena siku ya 21. Siku ya chanjo siweki kingine chochote kwenye maji, na maji yenyewe ni ya kisima, kwa kuwa klorini ya bomba inaua chanjo.

Kipimo nilichopewa na mfugaji mwenzangu: katika kila kilo 100 za chakula, kilo moja ya kitunguu saumu, kilo moja ya tangawizi na nusu kilo ya manjano. Nimenunua vyote vibichi sokoni Mwanjelwa.

14 Februari 2024. Kilo 38 zimetupwa

Nilitwanga viungo vibichi kwenye kinu, nikavichanganya na chakula cha siku kumi, nikafunga gunia. Mvua za Februari mnazijua, na hewa ya banda ina unyevu muda wote. Leo asubuhi nimeingiza mkono katikati ya gunia nikakuta joto. Nikatoa konzi moja: mabonge ya unga yameshikana, ndani yake nyuzi za kijivu kama utando wa buibui, na harufu ya pombe ya kienyeji imezidi ya kitunguu.

Sikujaribu kuokoa chochote. Mahindi yaliyoota ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu inaharibu ini la kuku hata kama umeanika chakula upya kikakauka. Kilo 38 shimoni, shilingi 53,200. Kosa ni langu: kitunguu saumu kibichi zaidi ya nusu yake ni maji, na tangawizi ni zaidi ya robo tatu. Nilikuwa namwagia chakula maji bila kujua.

Kuanzia leo ni viungo vikavu tu. Kwa haraka nimenunua vya kusagwa dukani, ingawa sijui vimekaa rafuni muda gani.

20 Februari 2024. Wanachagua

Chumba cha viungo kuku wanapiga chakula mdomo, wanadonoa chenga za mahindi na kuacha unga chini ya vilisho. Jioni nimekusanya masalia ya vilisho vyote vya kushoto: kilo moja na robo, yote njano. Upande wa kulia vilisho vimelambwa.

Hesabu yangu ilikuwa na kosa ambalo mtu haoni mpaka akae chini. Kilo moja kwa mia ilikuwa ni kipimo cha kitunguu kibichi, mimi nikaweka kikavu, ambacho ni kama mara tatu ya nguvu. Nimeshusha viungo vyote kwa pamoja mpaka kilo moja kwa kilo 100. Baada ya siku mbili masalia yameisha.

16 Machi 2024. Siku ya 42, mizani

Nimepima kuku wote, mmoja mmoja, kwa mizani ya saa. Viungo: wastani kilo 1.94. Kitupu: kilo 1.78. Tofauti ya gramu 160 kwa kuku!

Nimefurahi sana. Nimewaambia wafugaji wenzangu wa mtaa huu, na jirani yangu, mzee mstaafu mwenye kuku 80, amekuja kuandika kipimo kwenye daftari lake.

4 Mei 2024. Mizani haikudanganya, nilidanganyika mimi

Kitu kilikuwa kinanikera. Gramu 160 ni nyingi mno kwa kuku ambao wiki nzima ya tatu walikuwa wanachagua chakula. Banda likiwa tupu, nimewasha jiko la mkaa mahali palepale lilipokaa Februari, yaani kwenye kona ya kushoto kwa sababu ndiko kuna bati la moshi. Nimetundika themometa mbili kimo cha kuku, moja kila chumba, nikasubiri saa mbili.

Kushoto nyuzi 31. Kulia nyuzi 26.

Kifaranga wa siku ya kwanza anahitaji nyuzi 32 au 33, kisha unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki. Wale wa kulia wiki mbili za mwanzo walikuwa wanakula ili wajipashe joto, na wa kushoto wanakula ili wakue. Sehemu kubwa ya zile gramu ilikuwa mkaa. Kiasi gani kilikuwa viungo, kundi hilo haliwezi kuniambia.

Nimeandika hili kwa herufi kubwa kwenye mlango wa banda: jiko katikati, na kila kundi lipimwe kwa joto kabla ya kupimwa kwa chakula.

8 Juni 2024. Kundi la pili, vifaranga 120

Vyumba viwili vya kuku 60, jiko katikati, themometa kila upande, tofauti haizidi nyuzi moja. Viungo vikavu, kilo moja kwa 100. Nje leo saa 11 alfajiri ilikuwa nyuzi 7. Mkaa gunia moja linaisha kwa siku sita.

Badiliko moja zaidi: chumba cha viungo sikuweka dawa ya kuzuia koksidiosisi, yaani ugonjwa wa kuhara damu, kwenye chakula, kwa kuwa kila mahali nimesoma kwamba kitunguu saumu na manjano vinazuia kuhara damu. Nataka kuona kama vinatosha vyenyewe.

27 Juni 2024. Maji tumboni

Watatu wamekufa kwa siku nne, wote majogoo wakubwa, wawili kutoka chumba cha kitupu na mmoja wa viungo. Tumbo limejaa limekaza kama puto, upanga wa kichwani umekuwa wa zambarau. Nimempasua mmoja: maji ya rangi ya chai yamemwagika karibu kikombe, moyo umevimba.

Hili ni tatizo la sisi wa nyanda za juu. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na kuku wa nyama ameumbwa akue haraka kuliko moyo wake. Baridi inamfanya atumie hewa zaidi, moyo unasukuma kwa nguvu mpaka unashindwa, maji yanavujia tumboni. Mimi nikaongeza ubaya kwa kufunga mapazia mpaka juu ili joto lisitoke, moshi wa mkaa na ukali wa kinyesi vikabaki ndani. Ukiinama kimo cha kuku macho yanawasha. Mimi napita nikiwa nimesimama, nilikuwa siyajui maisha ya huko chini.

Nimefungua mapazia kiganja kimoja juu, pande zote mbili, usiku na mchana, na kuanzia leo vilisho vinaondolewa saa nne usiku mpaka alfajiri ili wasikue kwa pupa. Maranda yaliyolowa nimetoa. Viungo havina la kufanya hapa.

1 Julai 2024. Damu

Saa 12 asubuhi. Chumba cha viungo, maranda yana madoa mekundu, mengine rangi ya kahawia kama ugoro uliolowa. Kuku tisa wamejikunyata, manyoya yamesimama, mabawa yameshuka. Wanne wamekwishakufa.

Mtaalamu wa mifugo wa kata amekuja saa tatu. Hakusema mengi. Amepasua wa kwanza juu ya kiroba, akavuta utumbo, akanionyesha vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo. Kwa kawaida ni vyembamba, rangi ya majivu. Hivi vilikuwa vinene kama kidole gumba, vyeusi, na kisu kilipogusa ikatoka damu iliyoganda kwa mabonge.

"Dawa ya kuzuia uliweka?"

"Hapana, mtaalamu. Niliweka kitunguu saumu."

Akanyamaza kidogo. Kisha akanieleza taratibu, bila kunigombeza, kwamba kitunguu kinaweza kumsaidia kuku mwenye vimelea wachache, lakini maranda yaliyolowa na banda lililofungwa vinazalisha mayai ya vimelea kwa mamilioni, na hapo hakuna kiungo cha jikoni kitakachotosha. Dawa ya kutibu ni amproliamu kwenye maji siku tano, shilingi 12,000. Maranda yote nje.

6 Julai 2024. Hesabu ya vifo

Chumba cha viungo: 17 kati ya 60 kwa kuhara damu. Chumba cha kitupu, chenye dawa ya kuzuia: wawili. Kila aliyekufa alikuwa amekula kama kilo 1.7, kwa hiyo pamoja na bei ya kifaranga ni shilingi 4,280 mmoja. Kumi na saba ni 72,760.

Lakini hiyo siyo hasara kubwa. Kubwa ni kwamba jirani yangu naye alikuwa ameacha dawa. Nilipoanza kundi hili nilimwambia kwa kinywa changu kwamba viungo vinatosha, naye akaniamini kwa sababu ya zile gramu 160. Amepoteza tisa. Nimekwenda kwake jioni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Naona umekuja na sura ya msiba."

Nikamweleza yote, la jiko na la dawa. Nikamwomba radhi, nikamwambia amproliamu ya kuku wake nalipa mimi. Akasema pesa ya dawa nibaki nayo, nimletee mizani tupime pamoja safari ijayo. Tangu siku hiyo sijamwambia mtu jambo ambalo sijalipima mara mbili.

Kundi hili silitumii kulinganisha uzito. Waliopona kuhara damu wamedumaa, na waliobaki wana nafasi zaidi ya kula. Hapana cha kujifunza kwenye mizani yao.

18 Agosti 2024. Kukausha, mara tatu

Nimeacha vya kusagwa dukani. Mwezi huu wote nimekuwa nakausha mwenyewe.

Mara ya kwanza nilimenya kitunguu saumu nikakianika nzima juu ya bati, juani. Siku ya nne nje kikavu, ndani kinanata, na vipande vya pembeni vimekuwa vya kahawia. Mara ya pili nikakimbilia sufuria, moto mdogo. Kilikauka saa mbili tu, kikanukia vizuri kama cha pilau, na hapo ndipo pa kuhofia. Punje nzima ya kitunguu saumu haina ukali. Ndani yake kuna vitu viwili vilivyotengwa, aliini na kimeng'enya chake, na ukiikata ndipo vinakutana na kutengeneza alisini, ile inayochoma pua. Joto la sufuria, hata moto ukiwa mdogo, linakiua kimeng'enya. Unabaki na unga mtamu wa mboga.

Mara ya tatu: nimekata vipande vyembamba kama kucha, nikatandaza juu ya chandarua kilichokazwa kwenye fremu, chini ya paa la banda la kuni, upepo unapita juu na chini. Siku sita. Kimevunjika kikavu kama kigae. Jaribio langu la mwisho ni rahisi, kila mtu anaweza: unga nusu kijiko kwenye kiganja, matone mawili ya maji ya baridi, sugua, subiri dakika moja, nusa. Wa sufuriani haukuniambia kitu. Wa kivulini ulinitoa machozi. Hivyo ndivyo nataka uamke ndani ya gole la kuku.

Manjano nayo ni kivulini. Rangi yake, ambayo ndiyo dawa yenyewe, inapauka juani. Tangawizi haina shida, ioshe, ikate, ianike.

Uzito na bei: kitunguu saumu kilo 10 za shilingi 5,500 kila kilo zimetoa unga kilo 3.1, pamoja na kusaga ni kama 18,000 kwa kilo. Tangawizi kilo 10 za 2,500 kila kilo zimetoa 1.7, kama 15,000 kwa kilo. Manjano kilo 10 za 2,500 kila kilo zimetoa kilo 2, yaani 12,500 kwa kilo.

14 Septemba 2024. Kundi la tatu, vifaranga 120

Vyumba vinne vya kuku 30. Cha kwanza na cha nne viungo, cha pili na cha tatu kitupu, jiko katikati, ili hakuna kundi litakalopata upande mzuri peke yake. Dawa ya kuzuia koksidiosisi kwa wote. Antibiotiki hakuna kwa yeyote asiyeumwa.

Kipimo kipya kwa gunia la kilo 50: kitunguu saumu gramu 150, tangawizi 50, manjano 50. Kuchanganya kunataka uvumilivu. Gramu 250 ukizirusha juu ya gunia zima kwa koleo, kuku mmoja atapata za wenzake kumi. Nachanganya kwanza na kilo moja ya unga wa soya kwenye beseni, kisha na kilo tano, kisha ndipo inaingia kwenye lundo na kupinduliwa mara sita.

Nilijaribu pia pilipili kichaa gramu 100 kwenye gunia moja. Kuku hasikii ukali wa pilipili kabisa, ulimi wake haujaumbwa kuusikia, ila panya anausikia, nami nilitaka kulinda stoo. Mpwa wangu alichanganya bila barakoa, akajisahau akafuta jicho. Tulimwosha kwa maziwa na maji nusu saa nzima, mtoto analia. Pilipili haitarudi kwenye mradi huu.

26 Oktoba 2024. Siku ya 42, mizani tena

Jirani amekuja, tumepima pamoja, yeye anasoma mimi naandika. Viungo vilisimamishwa tangu siku ya 37 ili nyama isibaki na harufu.

Chumba cha kwanza, viungo: kilo 2.14. Cha pili, kitupu: 2.09. Cha tatu, kitupu: 2.11. Cha nne, viungo: 2.16. Chakula: wa viungo wamekula kilo 3.98 kila mmoja, wa kitupu 4.06. Kwa hiyo kilo moja ya kuku imegharimu kilo 1.85 za chakula upande wa viungo na 1.93 upande mwingine. Vifo viwili na vitatu, hapo hapana tofauti ya kuzungumzia.

Ni gramu 50, siyo 160. Na vyumba viwili vya kitupu vyenyewe vimeachana kwa gramu 20, kwa hiyo nazishika gramu 50 kwa uangalifu.

Nilitarajia pia manjano yatatia ngozi rangi, maana wateja wanapenda kuku wa njano. Tumechinja wawili, mmoja wa kila upande, tukawaweka juu ya sinia moja. Weupe sawasawa. Sisi tunalisha mahindi meupe, na rangi ya ngozi inatokana zaidi na mahindi ya njano na majani.

2 Novemba 2024. Pesa

Kila kuku wa viungo alikula gramu 14.5 za mchanganyiko. Kwa bei ya kitunguu ya Agosti, hizo ni shilingi 236. Alichookoa kwenye chakula ni gramu 80, shilingi 112. Mimi nauza kuku kwa kichwa, na mnunuzi wa kichwa halipii gramu 50. Kwa hiyo kila kuku wa viungo alinipunguzia shilingi 124.

Nilikaa na hilo daftari jioni mbili.

Kisha mama anayeniuzia kitunguu Mwanjelwa akanionyesha gunia la zile punje ndogo zilizopukutika kwenye vichwa, ambazo wapishi hawazitaki kwa sababu kumenya kwake ni kazi. Shilingi 1,800 kwa kilo. Nimechambua moja moja nikatoa zenye ukungu, sikuzimenya, nimezikata na maganda yake. Unga umetoka kwa 6,000 kwa kilo, na jaribio la kiganja limepita. Hapo gharama kwa kuku inashuka mpaka shilingi 132.

Na mama mwenye kibanda cha chipsi pale Sae amekubali kuchukua kuku waliochinjwa kwa kilo, shilingi 9,000, akishawishika na mimi kusema kweli kwamba hawakupewa antibiotiki. Gramu 50 za kuku hai ni kama 36 za nyama, sawa na shilingi 324. Jumlisha 112 za chakula, toa 132 za viungo, inabaki 304 kwa kuku. Kwa kuku 58 waliofika sokoni ingekuwa 17,632. Kwa kichwa, hata kwa punje ndogo, bado napoteza shilingi 20 kwa kila kuku.

Oksitetrasaikilini niliyokuwa natumia kwa kundi zima ilikuwa shilingi 9,000, na kundi hili sikuinunua.

16 Novemba 2024. Kundi la nne, vifaranga 120

Mpango ni uleule, ila vyumba vimebadilishana: cha pili na cha tatu ndivyo vyenye viungo. Kitunguu ni punje ndogo. Jirani ameanza na kuku 80 siku hiihii, nusu kwa nusu, jiko lake amelihamishia katikati, na dawa ya kuzuia amenionyesha kabla sijauliza. Mizani itapita kwangu tarehe 28 Desemba, kwake siku inayofuata.